Mti ni wa Aliyeupanda

Mto Mkondoa hauna adabu ya kubisha hodi. Unaweza kuwa umeanika mpunga uani, jua linawaka, mbinguni hakuna hata wingu la kumfunika kuku, na mto ukaja. Mvua imenyesha huko Dodoma, wenyewe wamekwisha kuisahau, na maji yanashuka kumalizia hasira zao kwa watu wa Kilosa. Ndiyo maana Joha, mke wa Hussein, hakuwa mwanamke wa kutazama mawingu. Alitazama mto. Akisugua masufuria aliutazama, akipepeta aliutazama, na hata akisimama na wenzake kuongea habari za harusi, jicho moja lilikuwa kule kule.

"Joha, huo mto umekuwa mke mwenzio?" Perpetua, jirani yake, alimtania. "Unauchunga utafikiri utakuibia Hussein."

"Hussein yuko Mikumi anakaanga chipsi, aibiwe na nani na harufu ile ya mafuta? Wa kuibiwa ni huyu," Joha alijibu, akamwonyesha mwanawe Yusrah kwa kidevu.

Walicheka, lakini Joha hakuwa anatania. Mwaka wa mafuriko makubwa Yusrah alikuwa bado ananyonya. Joha alimvusha ndani ya beseni la kufulia, beseni kichwani, maji kifuani, naye hajui kuogelea. Mtoto mle ndani alikuwa akicheka kwa kudhani anabembelezwa. Watoto wawili waliomtangulia Yusrah walikwisha kufa wadogo kwa homa, kwa hiyo lile beseni lilibeba uzazi wote wa Joha. Tangu siku hiyo masika ikiingia, usingizi wake ulikuwa wa kuku, wa kufumba na kufumbua.

Nyumba yao ilikuwa kwenye kona ya mto, katika kitongoji cha Mkuyuni, mwendo mfupi kabla ya kufika Munisagara. Kiwanja alikirithi Hussein kwa baba yake. Walipojenga, kati ya mlango na mto palikuwa na shamba la mahindi, na baada ya mahindi ilikuja safu ya mikuyu mikongwe. Watu wakaikata mikuyu kuchomea matofali. Mikuyu ilipoondoka, mto ukaanza kulila shamba, kidogo kidogo, kama mtoto anayemega ugali wa wageni akidhani haonekani. Yusrah alipofika darasa la tano, ukirusha jiwe kutoka mlangoni unasikia limetumbukia.

Hussein alikuwa amekwisha kusema. Alipata chumba Mikumi, nyuma ya mgahawa anaofanyia kazi, akapiga simu. "Mama Yusrah, njooni huku. Nyumba itajengwa nyingine, mtoto hajengwi."

"Na kiwanja cha baba yako tumwachie nani?"

"Tuuachie mto. Si ndio unaokitaka?"

Joha alikataa. Sababu yake ilikuwa kamati.

Kamati ya mto ilianzishwa na Ditram, mzee aliyestaafu kazi ya reli, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Sheria kila mtu aliijua: mita sitini kutoka ukingoni ni za mto, hapalimwi. Waliijua kama wanavyojua kwamba pikipiki haitakiwi kubeba watu wanne. Ditram alitengeneza kitalu nyuma ya kanisa, akajaza viriba miche ya mikuyu, mianzi na mijohoro, akatangaza siku ya kupanda. Walikuja watu watatu, na mmoja wao alikuwa amepita tu kuuliza njia. Joha alikuwemo. Alipanda mpaka kiuno kikagoma. Wiki mbili baadaye miche ilikuwa imelambwa na ng'ombe, na iliyosalia watu waliipitishia mikokoteni.

Basi katika mkutano wa kitongoji uliofuata Joha alisimama. Yeye aliyeishia darasa la saba na hajawahi kufungua kinywa mbele ya wanaume wa kitongoji.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, Mama Yusrah."

"Mimi naona watu hawapandi kwa sababu mti wa kamati ni mti wa serikali, na mti wa serikali hauna mama wa kuulilia. Tuseme hivi: kila mtu apande mbele ya shamba lake, na mti uwe wa aliyeupanda."

Watu wakapiga makofi. Kwa mgeni neno lile lingekuwa neno tu, lakini bonde zima linalijua uzito wake. Kule ukipanda mwembe katika shamba la mjomba, shamba ni la mjomba na maembe ni yako, na wajukuu zako watakuja kuyadai. Ukimwazima mtu ardhi alime mahindi, unamkataza mbele ya mashahidi asipande mti wowote wa kudumu, maana mti ukishika mizizi mwenye mti naye ameshika. Mti ni hati ya mtu asiyekuwa na hati.

Ditram hakupiga makofi. "Neno hilo zito, mama."

"Tunataka zito, mzee. Mepesi yote yamepeperuka."

Likapita hivyo, na kwa muda halikufanya kitu. Wawili watatu walipanda, basi. Kisha wakaja watu wenye vizibao vya kung'aa, wakatembea ukingoni na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakachomeka vigingi vya rangi nyekundu, wakaondoka bila hata kuomba maji ya kunywa.

Hawajafika barabarani, habari zilikwisha kufika kijiji cha Zombo. Wengine walisema ni bwawa, wengine umeme mkubwa. Kasiani, aliyekuwa na shamba upande wa juu wa nyumba ya Joha, aliapa amesikia kwa masikio yake wakitaja fidia. Na kule Kilosa neno fidia halihitaji mkalimani. Reli mpya ilipopita kila mtu alimwona mwenye miti alivyotoka na pesa, na alimwona mwenye mahindi matupu alivyobaki akikuna kichwa.

Wiki ile ile kitalu cha Ditram kiliisha. Watu walipanda asubuhi, wakapanda jioni, wakapanda na wageni waliokuja msibani. Walipanda kwa kubananisha kama miche ya vitunguu. Mikuyu ilipokwisha walikwenda Kilosa wenyewe kununua miembe ya kisasa na michungwa, wakarudi nayo kwenye bodaboda, miche imekumbatiwa kama watoto wanaopelekwa hospitali.

Lupakisyo, mfanyabiashara wa nyanya aliyekuwa akikodi nusu ya shamba la Kasiani, alisimama akamtazama mwenzake anavyochimba. "Kasiani, mnazi? Mnazi huku?"

"Wewe kodi yako ni ya nyanya, ya mnazi haikuhusu."

"Nauliza tu, kaka. Huo ukizaa, nazi utaziangua wewe au mjukuu wako?"

"Mimi nataka uonekane tu. Kuzaa hiari yake."

Joha alisikia, naye alicheka pamoja nao. Hapo ndipo alipokosea, maana maneno yalisemwa mchana kweupe na akayapokea kama mzaha. Aliona kijani. Aliona miche ukingoni kutoka kona moja ya mto hadi nyingine, na watu waliokuwa wakipitisha mikokoteni sasa wanazungushia miiba na kufukuza ng'ombe kwa mawe. Mwenye njaa hamuulizi mpishi ametoa wapi unga.

Ditram alikuja kukaa kibarazani kwake. "Mama Yusrah, watu hawa wameanza lini kupenda miti?"

"Mzee wangu, si ndicho tulichokuwa tunaomba?"

"Ndicho." Akazungusha kofia mikononi. "Ila mimi nilikuwa naomba polepole."

Jioni Joha alimpigia Hussein. Alimwambia kile chumba akirudishe, asipoteze kodi, ukingo umepata wenyewe. Hussein akauliza kama ana uhakika. Akajibiwa ana uhakika kama anavyojua jina la mwanawe. Hussein akakirudisha chumba, akahamia kulala na wapishi wenzake watatu juu ya magodoro mawili.

Miche ilikaa masika mbili. Mijohoro ikafika mabegani mwa mtu, mianzi ikatoa machipukizi, matete yakaota katikati kwa sababu hakuna aliyelima. Masika ya pili mto ulipanda, ukaufikia ukingo, ukasukuma, ukarudi. Ulirudi kweli. Joha alitoka asubuhi akakuta takataka zimekwama kwenye matete na udongo uko palepale. Alikaa chini akalia, Yusrah akamuuliza nani amekufa.

Halafu maofisa wa maji wakaja kukutana na wanakijiji, uwanjani pa shule. Walikuwa wawili, mmoja msichana mpole aliyeamkia wazee wote kabla ya kukaa. Watu walikuja wamevaa. Kasiani alivaa koti. Walisikiliza hotuba ya mazingira kwa subira ya watu wanaosubiri pilau, na ilipokwisha Kasiani akanyoosha mkono, akauliza zoezi la kuhesabu miti litaanzia juu au chini.

Yule msichana hakuelewa. Akaeleweshwa. Akaweka kalamu mezani.

"Wazazi wangu, vile vigingi ni vya kupimia maji yanapanda kiasi gani. Hakuna mradi. Na hata ungekuwepo, ndani ya mita sitini ni mto. Hakuna mtu anayelipwa kwa mti uliopo ndani ya mto. Ila mmefanya vizuri sana, tunawapongeza."

Akaanza kupiga makofi. Aliyapiga peke yake, mpaka yakamwishia mkononi.

Hakuna aliyegomba. Hilo ndilo lililomtisha Joha, afadhali wangegomba. Waliinuka wakakung'uta nguo, wakaondoka wakiongea mambo mengine. Kesho yake aliamshwa na sauti ya jembe. Kasiani alikuwa ameanzia juu, anang'oa. Alikuwa anang'oa kwa utulivu, anapanga miti kando kwa ajili ya kuni.

"Kasiani, jamani. Shemeji yangu. Unafanya nini?"

"Nasafisha shamba, Mama Yusrah."

"Mto utaingia."

"Mto ulikuwepo kabla ya miti hii. Lupakisyo anataka lote safari hii, na nyanya hazipendi kivuli."

Joha alimfikisha kwa mtendaji wa kijiji. Ditram akaenda naye, na robo ya kitongoji ikafuata kusikiliza. Mtendaji akamuuliza Kasiani ana la kusema.

"Mimi sina neno langu," Kasiani alisema. "Nina neno lake. Mama huyu alisimama, wote mlikuwepo, akasema mti ni wa aliyeupanda. Mimi nimepanda. Wa kwangu. Wa kwangu nikiuchinja, nani ananiuliza? Mbuzi wangu nikimchinja mnaniita hapa?"

Watu wakaguna guno la kukubali. Hata waliompenda Joha waliguna. Lilikuwa neno la mila yao, na lilikuwa limetoka kinywani mwake.

"Na mita sitini?" Ditram akauliza.

Mtendaji akapangusa jasho. Mwenyewe alikuwa na bustani ya bamia ukingoni, upande wa pili. "Mzee wangu, mita sitini zikianza kusimamiwa leo, hapa tulipo nani atabaki? Twende taratibu. Mama Yusrah, mlishakubaliana wenyewe kwamba miti ni ya watu. Mimi nitaingiaje?"

Walipotoka, Joha alishika njia ya nyumbani. Neno ukishalitoa halirudi na wewe nyumbani, linakwenda kulala kwa jirani, na siku ukiligeukia unalikuta limeota meno.

Mashamba yakafuatana kung'olewa. Joha alitegemea upande wa chini, wa Perpetua, ndiye rafiki yake. Akamkuta ameshika panga, miembe imelala.

"Usinitazame hivyo," Perpetua alisema.

"Hata wewe, Perpetua."

"Mimi nina Goodhope anakwenda sekondari. Lupakisyo ananipa kodi ya msimu mzima mkononi. Mwembe utamnunulia viatu?" Alikuwa anasema haraka, bila kuinua uso. "Wewe una mume anayeleta. Mimi wangu alikwenda Vidunda kutafuta shamba, mwaka wa nne sasa analitafuta. Usinifanye niwe mbaya, Joha. Mimi si mbaya."

"Najua."

"Basi nenda. Nenda, nimalize."

Ukabaki ukanda wa Joha peke yake, mbele ya nyumba yake, mijohoro na mianzi na matete, kama jino moja katika ufizi. Lupakisyo alikuja kuomba na huo. Alikuja kwa heshima, na zawadi ya nyanya kwenye ndoo. "Shemeji, ukanda wako unanikatia mpira wa maji. Nitakulipa vizuri."

"Chukua na nyanya zako."

"Nyanya ni zawadi, hazina makosa."

Nyanya zilipikwa, ukanda haukutolewa. Joha akauongezea matete, akaubananisha, kila alasiri yuko pale na Yusrah. Alimpigia Hussein kuhusu chumba. Hussein akamwambia chumba kina mtu, vingine bei zimepanda, wavumilie masika hii ipite atatafuta. Hakumlaumu. Joha angependa alaumiwe.

Mto ulikuja mchana, jua likiwaka. Yusrah alikuwa ametoka shule, anakula. Joha aliona povu kwanza, halafu gogo zima likipita limesimama kama mtu. Maji yalikuja rangi ya matofali. Yaligonga ukanda wake, na ukanda ukashika. Ukashika kabisa. Matete yaliinama yakainuka, mianzi ikalia, udongo haukumeguka hata kipande. Kwa muda mfupi Joha alisimama mlangoni akiutazama mto unavyoshindwa.

Kisha akasikia upande wa juu kitu kama gunia linaloangushwa. Shamba la Kasiani lilikuwa limelimwa laini kama unga, miche ya nyanya imejipanga, na ukingo wake ukawa unaanguka vipande, kila kipande kikubwa kuliko meza. Mto ulikuwa umeacha kugombana na miti. Uliingia pale palipokuwa wazi, ukakata nyuma ya ukanda wa Joha, ukapita uani, ukatafuta njia ya kutokea na kuipata kwenye shamba la Perpetua.

"Yusrah, toka. Acha sahani. Toka."

Walitoka na kilichokuwa mkononi, yaani kila mmoja mkono wa mwenzake. Perpetua aliwapokea palipoinuka, karibu na nyumba yake, akamshika Yusrah kiunoni akamvuta. Wakageuka kutazama. Nyumba ilichelewa kidogo. Ukuta wa jikoni ulipiga magoti, mabati yakakaa juu ya maji, yakaenda yakizunguka kama sinia.

Maji yalipopungua, mto ulikuwa na mikondo miwili, na katikati yake palikuwa na kisiwa. Juu ya kisiwa mijohoro ya Joha ilikuwa imesimama, na majani hayakuwa hata na matope. Haikuwa na kitu cha kulinda. Watu walikuja kuitazama. "Miti yake imeshika lakini," mmoja alisema, na kwa kweli alikuwa anampa pole.

Wakahamia kwa Perpetua, chumba cha nyuma. Hussein alikuja siku mbili, akapima kwa macho kile kilichobaki cha kiwanja cha baba yake, kipande kilichokuwa nyuma ya choo, akarudi Mikumi. Kazi haingojei. Alisema atawachukua. Bado anasema.

Ukingo mpya ulipokauka, Lupakisyo alirudi. Upungufu wa ardhi ulipandisha bei, na alitaka kile kipande. Joha alimkodisha. Alifanya hivyo bila kubishana, akaomba na kibarua humo humo, kwa sababu sare ya Yusrah ilikwenda na maji na daftari zilikwenda na maji. Ditram alipita siku moja na viriba vya miche kwenye toroli, anaelekea anakojua mwenyewe. Aliona Joha ameinama anapalilia nyanya, hatua chache kutoka majini. Alisimama. Joha alimwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akasukuma toroli lake akaenda, na Joha akaendelea kupalilia.

Enyi mnaolala kando ya maji, mkisikia jirani anapanda mti, muulizeni anaupandia nini. Muulizeni kabla hamjamfurahia. Joha hakuuliza, na sasa kutwa anamwita mwanawe. Yusrah akitoka shule huja kumsaidia kuvuta mpira wa pampu, na mpira unaanzia majini.

"Yusrah, rudi nyuma."

"Nimerudi, mama."

"Rudi tena."

Lupakisyo alicheka, akikoroga dawa kwenye ndoo. "Mama Yusrah, mwache mtoto. Mto wenyewe uko kule."

"Uko kule ulipokuwa umepanda nyanya mwaka jana," Joha alisema.

Lupakisyo alifunika ndoo. Akakung'uta mikono, akaenda kwenye pampu, akavuta kamba mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikawaka. Kelele zikajaa bonde lote. Joha aliona mdomo wa Yusrah ukisema kitu kule ukingoni, hakukisikia, na mto hakuusikia.